Ami kaachiwa mikarafuu, sasa ati yake

Mdada mmoja wa Unguja kaniandikia: "Shangazi, sie kwetu Wete, Pemba. Marehemu baba alipotuhamishia Unguja mwaka 1998 akamwachia ami, nduguye, mikarafuu yetu aiangalie. Baba kafariki, kaacha mama na sie wasichana watatu, na ami sasa asema mikarafuu ni yake maana yeye ndo aipaliliaye na kuichuma miaka yote. Mume wangu ataka twende na watu tukachume kwa nguvu. Nifanyeje?"

Mwanangu, mwanzo mzuie mumeo. Alo na kitu mkononi, hata kama si chake, sheria inamlinda asinyang'anywe kwa mabavu, mkenda na magunia na watu nyie ndo mtakaoitwa kwa sheha.

Sasa la ami. Kushika kitu na kukimiliki ni mambo mawili. Yupo anoshika kwa kuwa ni chake, yupo alokodi msimu mmoja kama wanavyokodishana mikarafuu huko Pemba, na yupo alopewa amana, na ami wako ndo huyo. Aliingia kwa ruhusa ya baba yako, na ruhusa ile inamfunga hata akae miaka 50. Ila ukionekana unachuma kila mwaka watu huchukulia ni yako, na hata mahakama huanzia hapo, kwa hiyo nyie ndo mje na mashahidi. Nani alisikia baba akimwachia? Ami alikuwa akimpelekea baba pesa za karafuu? Kama alipeleka hata mara moja basi keshakiri, mtafuteni aliyekuwa akizibeba.

Na msichanganye miti na ardhi. Ardhi yetu Zanzibar ni ya umma, sheria namba 12 ya 1992 imeiweka kwa Rais na mtu ana haki ya kuitumia tu, lakini miti ina mwenyewe. Kama ami kapanda miche yake humo, hiyo msimkatalie hivi hivi.

Lililonikaa moyoni ni kuwa nyie ni wasichana watupu. Kwenye mirathi yetu ya Kiislamu mnachukua thuluthi mbili, mama thumni, yaani moja ya nane, kinachobaki huenda kwa asaba, yaani jamaa wa kiume wa upande wa baba, na ami yumo. Kwa hiyo fungu analo wallahi, ila limekuja kwa kufa kaka yake, si kwa kupalilia, na pengine hakuna alomwambia hivyo kwa upole, anaogopa atatolewa mikono mitupu. Mama yenu atangulie, nyie nyuma yake, mkae na ami mumwambie fungu lako lipo na jasho lako tutalihesabu, halafu mwende wote kwa kadhi mkagawiwe, kabla karafuu hazijawiva.