Mama kaambiwa adondoshee manjano jichoni: majibu ya maswali yenu ya macho

Tangu upepo wa Agosti uanze maswali ya macho ni mengi, na mengi yanauliza kitu kimoja, dawa za mimea na jicho lililowaka. Nimechukua manne, la kwanza nimelijibu kwa urefu maana limenikosesha usingizi.

Shikamoo dokta. Naandika kutoka Nkuhungu hapa Dodoma. Mama yangu ana miaka 58, jicho la kulia jekundu wiki ya tatu sasa, linauma mpaka kichwani, akitoka juani anajiziba na khanga. Duka la dawa walitupa matone, akapata nafuu siku nne likarudi. Kliniki wamesema ana inflamesheni ndani ya jicho na wanataka vipimo vya kifua na damu, yeye kagoma. Katumiwa wasap kwamba manjano yanamaliza inflamesheni, unachemsha unachuja na kitambaa unadondoshea. Jirani kashamtwangia. Nimwambie nini?

Marahaba mwanangu. Kwanza hicho kikombe cha manjano kimwage, leo hii, afu ndo uendelee kusoma.

Sasa, aliyetuma ile meseji hajatunga kila kitu. Kwenye manjano kuna kitu kinaitwa kurkumini, ndo kinachoyapa ile rangi, na maabara imeonekana kweli kinatuliza ile kengele ya ndani ya seli inayoita askari wa mwili waje kwa wingi, na inflamesheni ndo hiyo, askari wamekuja wengi mpaka wanabomoa nyumba waliyokuja kuilinda. Kuna utafiti wa India uliotoka 1999, wagonjwa 32 wenye tatizo linalofanana na la mama, walimeza kapsuli za kurkumini miligramu 375 mara tatu kwa siku kwa wiki 12 na wengi walipata nafuu. Lakini angalia, walimeza, hakuna aliyedondoshewa, na hakukuwa na kundi la pembeni lililopewa kapsuli tupu ili tujue nafuu ilitokana na nini. Afu hesabu yake, unga wa manjano gramu 100 una kurkumini kama gramu 3 tu, kwa hiyo kufikia dozi ile mama angelamba vijiko vya chakula vinne vitano kila siku, na sehemu kubwa ingepita tumboni bila kuingia kwenye damu. Pilipili manga inasaidia ipite zaidi, ndo maana mnaona vidonge vimechanganywa, ila anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asivimeze bila kumuuliza daktari wake. Kwenye mchuzi na pilau manjano hayana shida, ale tu.

Kudondoshea ni habari nyingine kabisa. Kile kioo cha mbele ya jicho hakina mishipa ya damu, kikichubuliwa na chembe za manjano afu wadudu wa kwenye kitambaa wakaingia, kinaota kidonda, na kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe. Nimewaona wengi wa hivyo, wamekuja na jicho lililokuwa linatibika, wanaondoka na doa jeupe katikati ya mboni.

Nikueleze wanachokiona kliniki ili uweze kumweleza mama. Ile mashine ya kuweka kidevu ina mwali mwembamba wa taa, ukipitisha kwenye jicho zima ule mwali unakata maji ya ndani safi kabisa, huoni kitu. Jicho la mama yako ukipitisha unaona chembe zinaelea, kama vumbi linavyoonekana kwenye jua linalopenya dirishani asubuhi. Zile ni seli za damu zimetoka zilipotakiwa kukaa. Zinanata, na zikinata ile mboni inagandana na lenzi iliyo nyuma yake, inaacha kuwa duara inakuwa na pembepembe, hapo presha ya jicho inaweza kupanda na uoni ukaenda usirudi. Ndo maana wanampa dawa ya kutanua mboni, mara nyingi atropini. Na hapa mwambie mama kitu ambacho nadhani kitamlainisha: atropini asili yake ni mti! Inatoka kwenye jamii ya mimea ambayo hata mnanaha huu unaoota pembeni ya mazizi yetu umo. Tofauti ni kwamba ile ya chupa imepimwa tone kwa tone na haina wadudu, mnanaha wa zizini jani hili lina sumu kidogo jani lile lina nyingi, kwa hiyo mtu asije akasoma hapa akaenda kukamua, tafadhali sana.

Vipimo asivikatae. Inflamesheni ya ndani wakati mwingine inaletwa na kifua kikuu au kaswende au ugonjwa mwingine uliojificha, na ukiacha mzizi jicho litawaka tena. Na yale matone ya dukani naomba ulete chupa waisome, nahisi yalikuwa na steroidi. Steroidi ndo dawa yenyewe ya ugonjwa huu, ila inatolewa na mtu anayepima presha ya jicho, ukijinunulia inaweza kukuletea presha ya macho na mtoto wa jicho, na kama kuna kirusi cha malengelenge kwenye kioo inakichochea. Mama akipewa na daktari asiikatishe ghafla, inapunguzwa polepole. Usisubiri wiki iishe mwanangu, kesho asubuhi mpeleke. Kama mjini foleni imewashinda, Mvumi kule Chamwino wana kitengo cha macho cha miaka mingi.

Habari dokta, mi mkulima wa zabibu Hombolo. Nasikia ganda la zabibu lina dawa ya macho. Je nikinywa waini yangu mwenyewe kila jioni macho haya mekundu yatapoa?

Nzuri, pole na shamba. Hiyo dawa unayoisikia ni resveratroli, ipo kweli kwenye ganda na kwa panya imetuliza inflamesheni ya jicho. Ila lita nzima ya waini nyekundu huwa na miligramu chache, wakati watu wanaofanyiwa utafiti wanapewa mamia, kwa hiyo kabla hujafika huko ini litakuwa limelalamika zamani. Kula zabibu na ganda lake, basi. Mi nina swali langu kwako: macho yanakuwa mekundu siku zipi? Kama ni siku za kupiga salfa ya ubwiri, ule ukungu wa mizabibu, nadhani tumeshampata mchawi. Vaa miwani ya kuziba, simama upepo ukiwa mgongoni, na ikikurukia osha na maji safi mengi dakika 15 mpaka 20 bila kukimbilia tone lolote, afu nenda ukaangaliwe.

Kuna dada anatuuzia vidonge vya luteini hapa ofisini, anasema vinazuia macho kuwaka. Bei imechangamka. Ninunue?

Hapana. Luteini na zeaksanthini ni rangi za mimea zinazokaa nyuma ya jicho na kulikinga na mwanga mkali. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa majibu 2013 ulitumia luteini miligramu 10 na zeaksanthini 2, ila ulikuwa kwa watu wa miaka 50 kwenda juu wenye ugonjwa wa uzee wa nyuma ya jicho, haukuwa wa macho mekundu. Na luteini ipo tele kwenye mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, inataka mafuta ndo ipite, kwa hiyo tia alizeti au karanga. Ukikausha mboga, kausha kivulini, jua linaunguza hizo rangi.

Dokta, mwanangu wa miaka 7 anasugua macho kila siku, hapa Kongwa vumbi ni jingi. Bibi yake anamkamulia mshubiri. Ni vikope au nini?

Dada, mshubiri usiingie jichoni, utomvu wake unachoma. Muwasho mkali, ute wa kuvutika kama uzi na weupe wa jicho kuwa na ukahawia, mara nyingi ni aleji ya vumbi, watoto wa kiume inawapata zaidi. Mkande kwa kitambaa safi cha maji baridi, mzuie kusugua, na kliniki watampa matone ya aleji. Lakini vikope, yaani trakoma, vinaletwa na bakteria, na Kongwa yetu imefanyiwa utafiti wa vikope tangu miaka ya 1980, kwa hiyo lazima kope igeuzwe iangaliwe kwa ndani, kwa macho ya nyumbani huwezi kutofautisha. Wakati unasubiri siku ya kliniki mfungie kibuyu chirizi karibu na mlango, kidumu cha lita 5 kinatosha uso asubuhi na jioni kwa watoto wote wa nyumba, na kila mmoja awe na kitambaa chake. Na bibi usimfokee, mwombe aende na nyie, aone hiyo kope ikigeuzwa.