Maswali na majibu: hedifoni za mgongo wazi na amplifaya zake

Maswali ya safari hii karibu yote yana neno "omu". Watu wananiuliza "hizi ni za omu 300, simu yangu itaziweza?" kana kwamba omu ni kilo za gunia. Kabla sijaanza kujibu, shikeni jambo moja: omu ni kipimo cha jinsi hedifoni inavyoukinza umeme, na peke yake haisemi kitu. Isome pamoja na unyeti, yaani desibeli ngapi zinatoka ukizipa hedifoni miliwati 1, au volti 1. Tutazirudia namba hizi mbili mpaka mzichoke.

Nimezoea hedifoni zilizofungwa. Za mgongo wazi zina nini cha ajabu, na ni kweli aliye karibu anasikia kila kitu?

Anasikia, tena vizuri tu. Nilipopata zangu za kwanza nilikesha nikisikiliza, nikijua niko peke yangu na muziki wangu. Asubuhi mwenzangu akanitajia wimbo niliourudia mara nne, na kwamba mara ya tatu niliukatisha katikati.

Kiwambo kinapotikisika hutoa sauti mbele na nyuma. Kikombe kikiwa kimezibwa, ile ya nyuma hugonga ukuta wa plastiki na kurudi sikioni ikiwa imechelewa kidogo, ikaichafua ile ya kwanza. Kikombe cha mgongo wazi kina wavu badala ya ukuta, kwa hiyo sauti ya nyuma inakwenda zake. Ndiyo maana muziki unaonekana kutoka nje ya kichwa, na vyombo vina nafasi kati yao. Hasara yake ni kwamba kelele za chumba zinaingia bila hodi, na hedifoni nyingi za aina hii zenye kiwambo cha koili (waya uliozungushwa) hupungukiwa besi ya chini kabisa. Wazo lenyewe si geni: Sennheiser walitoa HD 414 mwaka 1968, zikiwa na sponji za njano na omu 2000. Naam, elfu mbili.

Nina Sennheiser HD 650 na ninasikiliza kwa simu, kupitia kile kiadapta cha USB-C. Rafiki anasema bila amplifaya kubwa sijazisikia kabisa. Ni kweli?

Tupige hesabu, kisha umpelekee rafiki yako.

HD 650 ni za omu 300, na ukizipa volti 1 zinatoa desibeli 103. Viadapta vingi vidogo hutoa kati ya volti 1 na 2. Tuseme chako ni cha volti 1 tu. Basi vilele vya muziki wako, yaani ngoma inapopigwa au mwimbaji anapopasua sauti, vitafika 103. Katika muziki wa kisasa uliorekodiwa kwa kubanwa, wastani wa sauti huwa desibeli kama 10 chini ya vilele, kwa hiyo utakuwa unasikiliza kwenye 93 hivi. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ni salama, na ukifika 90 saa hizo zinashuka hadi 4. Kiadapta chako kinaweza kukuumiza masikio, wala hakijaomba msaada wa mtu.

Rafiki yako anapata pointi kwenye muziki wa okestra au filamu, ambako wastani unaweza kuwa desibeli 20 au zaidi chini ya vilele. Hapo utafungulia sauti mpaka mwisho na bado utatamani kidogo. Ukitaka vilele vya desibeli 110, HD 650 zinahitaji volti 2.2. Lakini angalia nguvu yenyewe: ni miliwati 17 tu, na mkondo usiofika miliampea 8. Amplifaya yenye wati 2 haiziongezei utamu. Zinataka volti, na volti 3 au 4 zinawatosha hata watu wa okestra.

Amplifaya yangu ni ndogo, kwa hiyo nataka kununua AKG K702 za omu 62 badala ya HD 650 za omu 300. Nimepatia?

Kwa sababu hiyo, hapana. Hili kosa nimelifanya mwenyewe, kwa hiyo sikucheki.

K702 hutoa desibeli 105 kwa volti 1. Kufika 110 zinataka volti 1.8, ambazo kweli ni pungufu kidogo ya HD 650. Lakini omu zikiwa chache mkondo unapita kwa wingi: karibu miliampea 29, na miliwati 50 na kitu. Hiyo ni mara tatu ya nguvu, na karibu mara nne ya mkondo. Sasa weka Hifiman Sundara mezani, omu 37 na desibeli 94 kwa miliwati 1. Zenyewe zinataka volti 1.2 tu, lakini miliampea 33. Volti zinashuka, mkondo unapanda. Kuna amplifaya ndogo zinazotoa volti za kutosha lakini zikidaiwa mkondo zinaishiwa pumzi. Dalili yake si sauti ndogo. Besi inapopigwa kwa nguvu inasikika imekwaruza, au imelegea kama ngoma iliyonyeshewa mvua.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya amplifaya tafuta mistari miwili: inatoa miliwati ngapi kwenye omu 300, na ngapi kwenye omu 32. Muuzaji akikupa mmoja tu, mara nyingi amekupa ule unaompendeza yeye.

Kuna hedifoni ambazo kweli ni mzigo. Hifiman HE-6 za zamani zina unyeti wa desibeli 83.5 kwa miliwati 1, omu 50. Vilele vya 110 vinazitaka karibu nusu wati, na watu wamezifunga hadi kwenye amplifaya za spika za sebuleni. Hizo ni nadra. Usiziogope kwa niaba ya hedifoni nyingine.

Kati ya HD 600, DT 990 Pro na Sundara, niwe na moja tu ya muziki, filamu na michezo ya kompyuta. Ipi?

Sauti ya binadamu ikiwa ndiyo inayokuleta, HD 600. Zipo sokoni tangu 1997 na bado sijasikia nyingi zinazomweka mwimbaji mbele yako namna ile. Unasikia anavyovuta pumzi kabla ya ubeti. Besi ya chini kabisa hazina, na jukwaa lake ni finyu: kila mtu amesimama karibu nawe, hakuna aliye mbali. HD 650 ni ndugu yake mwenye sauti nzito kidogo, tofauti yao ni ndogo kuliko mabishano yake.

DT 990 Pro za Beyerdynamic ni kinyume. Jukwaa pana, besi yenye furaha, hatua za adui kwenye mchezo unazijua zinatokea wapi. Pedi zake za mahameli zinakaa vizuri hata saa tano. Tatizo ni juu: kuna mwinuko mkali jirani ya herutsi 8000. Jaribu wimbo wenye maneno kama "sisi", "siku" na "usiku" mfululizo. Kama kila "s" inakuchoma, usitegemee masikio yatazoea. Zima mwinuko huo kwa ikwalaiza, yaani kirekebisha sauti cha simu au kompyuta, desibeli 4 au 5 chini, na uishi kwa amani.

Sundara ni za planari, yaani kiwambo chepesi bapa chenye nyaya zilizotandazwa juu yake, mbele ya safu ya sumaku. Besi inashuka mpaka chini bila kupungua, tena safi, haina uvimbe. Lakini zina gramu 372 dhidi ya 260 au chini ya hapo za wenzake, na saa ya pili shingo inajua.

Kwa matumizi yako matatu, na kama amplifaya si tatizo, mimi ningechukua Sundara. Kwa masikio yangu na nyimbo zangu ninabaki na HD 600.

DT 990 Edition zinauzwa za omu 32, 250 na 600. Ipi ni bora?

Ni hedifoni ileile yenye koili ya waya mnene, mwembamba, au mwembamba zaidi. Waya mwembamba hupunguza uzito wa koili kidogo, na wapo wanaoapa kwamba 600 ndizo tamu zaidi. Mimi tofauti hiyo sijaiona ya kulipia. Simu au kompyuta ndogo, 32. Amplifaya ya mezani, 250. Za 600 waachie wenye amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Ambao ndio tunaokwenda kwao sasa.

Nimependa amplifaya ya valvu kwa ajili ya Sundara zangu. Nimeambiwa haziendani. Kwa nini?

Inategemea valvu gani. Kuna zile zisizo na transfoma ya kutolea sauti, mfano Bottlehead Crack, ambayo unanunua vipande na kuvichomea mwenyewe. Valvu kwa asili yake ina volti nyingi na mkondo kidogo, na bila transfoma ya kubadilishana, amplifaya hiyo inabaki na ukinzani wake wa kutolea wa takriban omu 120. Uhesabu kama mgao: volti zinagawanywa kati ya ukinzani wa amplifaya na wa hedifoni, na mwenye omu nyingi ndiye anayepata fungu kubwa. Sundara yako yenye omu 37 mbele ya omu 120 inapata chini ya robo. Karibu desibeli 12.5 zimepotelea ndani ya amplifaya, na ule mkondo wa miliampea 33 tuliousema haupo.

HD 600 na 650 zenyewe zinafurahi hapo. Omu zao si 300 kila mahali. Kwenye besi, kuelekea herutsi 100, zinapanda hadi kama 500. Kwa hiyo besi inapata fungu kubwa kuliko sauti nyingine, kama desibeli 1 zaidi. Ni kidogo lakini inasikika, na ndiyo sehemu kubwa ya ule "ujoto wa valvu" unaosifiwa. Si uchawi, ni kugawana volti. Ukitaka kuwa salama na hedifoni yoyote, kanuni ya wengi ni ukinzani wa kutolea usiozidi sehemu moja ya nane ya omu za hedifoni. Kwa planari ukinzani mkubwa hauharibu mizani ya sauti, kwa sababu omu zao ni zilezile kutoka chini hadi juu. Unaziua njaa tu.

Ukijenga mwenyewe, usiingize mkono ndani mara tu ulipochomoa plagi. Kapasita, yaani vile vifaa vinavyotunza umeme ndani, zinabaki na volti za kuua.

Nigawe vipi bajeti yangu?

Fungu kubwa kwenye hedifoni. Mwaka 2011 mhandisi mmoja aliyejiita NwAvGuy alichapisha mchoro wa amplifaya ya O2 ili yeyote aijenge, kuonyesha kwamba usafi wa sauti hauhitaji mali. Baadaye alinyamaza na hajulikani hadi leo. Amplifaya za bei ya chini zilizofuata, kama JDS Labs Atom na Schiit Magni, zimelimaliza suala hilo kwa hedifoni nyingi zinazotajwa hapa.

Waya wa balansi unaongeza ubora?

Ni ule unaolipa kila sikio nyaya zake mbili, ukichomekwa kwenye tundu la balansi la amplifaya. Unaongeza volti, hadi mara mbili, kwa amplifaya ileile. Kama ulikuwa na upungufu, utasikia. Kama hukuwa nao, utasikia sauti kubwa zaidi na kuiita ubora. Sote tumeanguka hapo. Kwa DT 990 sahau, waya wake haukuundwa kwa kazi hiyo wala hautoki bila kufungua kikombe.

Amplifaya yangu inatoa "shhh" hata muziki ukiwa umezimwa.

Shusha swichi ya geini, yaani ya kiwango amplifaya inachokuza sauti. Kisha pandisha sauti ya kompyuta hadi mwisho na upunguzie kwenye amplifaya, usifanye kinyume. Mara nyingi inaisha hapo.

HD 650 zangu za miaka sita siku hizi zinanichosha, sauti za juu zimekuwa kali na uwazi umepotea. Ninafikiria amplifaya yenye nguvu zaidi.

Ngoja. Zivue, ubonyeze pedi kwa kidole gumba. Zikibonyea hadi chini na kubaki bapa kama chapati, umepata jibu. Pedi mpya zinaweka sikio mbali na kiwambo. Zikichoka, sikio linasogea mpaka linakaribia kugusa sponji ya ndani, na mizani yote ya sauti inahama. Inahama polepole hivi kwamba unailaumu amplifaya, au masikio yako. Zinachomoka kwa kuvuta tu, na mpya zinashika kwa kubana pembeni mpaka usikie vitufe vimeitika. Nunua za asili, maana za kuiga zenye ngozi hubadilisha sauti kabisa. Wakati kikombe kiko wazi, toa na ile sponji nyembamba nyeusi uitazame kwenye mwanga. Ya kwangu ilikuwa na nywele za paka, na sijawahi kufuga paka.