Jibu: Diploma yangu ya ukutubi ni ya enzi za kadi, nirudi chuo au nichukue kozi fupi?

Dada, swali lako nimelisoma kwa makini kwa sababu nami nilifundishwa ukutubi kwa kadi na droo, na maktaba za vyuo hapa Nairobi ndizo zimenilisha hadi leo. Usirudi chuo kwanza. Anza na Koha.

Hii ni programu huria ya kuendesha maktaba, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000. Haina ada ya leseni, kwa hivyo unaweza kuiweka kwenye kompyuta yako nyumbani, uingize vitabu vyako, ukosee na urekebishe bila kumsumbua msomaji. Ukifungua fomu ya kitabu utakutana na namba za MARC, mfumo wa kupanga taarifa za kitabu ili kompyuta izisome: 100 mwandishi, 245 jina la kitabu, 650 mada. Utashangaa jinsi unavyozijua. Ni yale yale uliyokuwa ukiandika kwenye kadi.

Ndiyo maana nawapinga wanaotaka somo la katalogi, yaani kuorodhesha vitabu kwa kanuni, lifutwe ili kompyuta zipate nafasi. Mchukue Ngũgĩ wa Thiong'o. Mmoja anamwingiza chini ya Thiong'o, mwingine chini ya Ngũgĩ, wa tatu anaacha alama za juu. Msomaji anatafuta, anapata sehemu tu ya vitabu, anaondoka akiamini vingine hatuna, na vipo rafuni. Kanuni inamweka chini ya Ngũgĩ, na orodha ya majina sanifu ndiyo inayolinda hilo. Nimepokea wanafunzi wa atachimenti wepesi sana wa kompyuta ambao hawajawahi kusikia habari ya orodha hiyo. Inaniuma, kwa sababu kosa la aina hii halipigi kelele. Linaweza kukaa miaka.

Ukishazoea Koha, jifunze DSpace, programu ambayo vyuo vingi huhifadhia tasnifu. Kisha soma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, maana rekodi ya nani aliazima nini ni data binafsi ya mtu, na wewe ndiye unayeishika.

Digrii ichukue ikiwa mwajiri anaidai ili akupandishe cheo. Na kozi yoyote, kabla ya kulipa karo, uliza kama wanafunzi wanaingiza rekodi wenyewe kwenye mfumo unaofanya kazi. Ukiambiwa ni slaidi tu, tafuta kwingine.