Nani ananunua mpira wa koki?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Kwa nini mabadiliko mazuri vijijini hayadumu?" Najibu kwa miradi ya maji ya mserereko, yale yanayoshuka yenyewe kutoka mlimani bila pampu, kwa kuwa huku kwetu, Makete na Njombe hadi Rungwe, milima ipo, chemchemi zipo, na vituo vya kuchotea maji vilivyobaki nguzo za zege navyo vipo. Wengi husingizia wananchi kukosa mwamko. Sikubaliani nao.

Tazameni mradi unavyokufa. Koki ya kituo cha bondeni inavuja, mpira wake wa ndani umelika. Bei yake haifiki ya soda, ila hakuna aliyekabidhiwa kazi ya kuununua. Watu wanaifunga kwa mpira wa baiskeli, maji yanamwagika usiku kucha, tanki halijai. Sasa maji ya mserereko hukimbilia chini, hivyo anayekosa kwanza si mwenye koki mbovu, ni wa kilimani. Wa kilimani anagoma kuchangia, na ana haki. Mfuko unakauka, fundi halipwi, anarudi kwenye viazi vyake. Masika majani yakiziba chujio la banio, pale maji yanapoingilia bombani, hakuna wa kupanda kulizibua. Mwamko umekosekana wapi hapo?

Kazi ngumu basi ni hesabu, na ifanywe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla mtaro haujachimbwa. Kiwango cha taifa ni kituo kimoja kwa watu 250, lita 25 kwa mtu kwa siku: lita 6,250, yaani ndoo 312 za lita 20. Tuseme ndoo ni shilingi 20. Kituo kitaingiza shilingi 6,240 kwa siku, kila mtu akilipa. Halipi kila mtu. Tena masika watu hukinga maji ya mvua, mapato yanashuka wakati uleule tope linapojaa na bomba linapokatwa na maporomoko. Pangeni matumizi kwa nusu ya hesabu hiyo, na akiba ijengwe Juni hadi Oktoba, mahindi yakiwa yameshauzwa. Fundi alipwe kila mwezi hata kama hakuna kilichoharibika. Wa kuitwa kwa dharura hatakagua chanzo.

Pesa hizo zisikae kwa serikali ya kijiji. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, mradi huendeshwa na chombo cha watumia maji wenyewe, CBWSO, na akaunti ya benki iwe yake. Kijiji hakikosi darasa la kuezeka, na pesa ya maji ndiyo itakayokopwa. "Tutarudisha," wanasema.

Chanzo nacho kina wenyewe. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo, lakini Mufindi na Njombe mara nyingi humo ndimo ilimo milingoti (mikaratusi) ya mtu na vinyungu, bustani za bondeni, vya mwingine. Kufyeka kwa amri ya mtendaji ni kujitafutia kesi, na mlingoti uliokatwa huchipua kisikini. Mwacheni mwenye miti avune na kuuza, visiki ving'olewe, ipandwe mivengi, miti inayotunza maji. Mwenye kinyungu atafutiwe pengine pa kulima kwanza. Anayepoteza bila fidia ndiye huyo mtakayemshuku bomba likitobolewa usiku, na mtakuwa mmemfundisha wenyewe.

Halafu kuna makabidhiano. Viongozi wa vijiji hubadilika kila miaka mitano, mara ya mwisho Novemba 2024, na kamati ya maji nayo hubadilika. Daftari la mapato, funguo na watia saini wa benki vikabidhiwe kwa maandishi mbele ya mashahidi. Kinachosahaulika mno ni ramani: bomba linapita wapi, koki za kutolea hewa ziko mwinuko gani, za kusafishia tope ziko bonde gani. Kwa kawaida ramani hiyo imo kichwani mwa fundi mzee mmoja. Ichorwe angali hai, nakala moja ofisi ya kijiji, moja shuleni, moja RUWASA wilaya.