Madafu tushakunywa, sasa tuonyeshwe mji

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Shikamoo Bi Mwenyeji. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Nakuru, na kila Disemba tunashuka Mombasa na jamaa za mume wangu. Shida yetu ni kwamba tukifika tu, mashemeji wanatupeleka Lighthouse pale Mama Ngina, tunanunuliwa madafu na mihogo, tunapiga picha Mapembeni kwenye zile pembe kubwa za ndovu za barabarani, halafu ni biichi mpaka siku ya kurudi. Mwaka jana kijana wangu wa miaka 11 akaniuliza, "Mama, kwani Mombasa ni madafu tu?" na nikakosa la kumjibu. Mwaka huu tuna siku tatu. Tuende wapi? (Mama Watoto, Nakuru)

JIBU: Marahaba mwanangu, na huyo kijana nisalimie sana, ameuliza swali la mtu mzima.

Kwanza tuelewane, dafu mimi silisemi vibaya, nimelelewa nalo. Kuna raha yake kumwangalia yule muuzaji pale Mama Ngina akilishika dafu mkono wa kushoto, panga linashuka mara tatu nne, kitundu kinafunguka na hajamwaga hata tone, ukimaliza maji unamrudishia analipasua na kukuchongea kijiko kutoka gamba lake lenyewe ukombe ile nyama laini ya ndani. Muombe awatajie watoto majina, maana tunda hilo lina makamo kama binadamu, kidaka, kitale, dafu, koroma, ndo mwisho nazi. Lakini yote hayo ni dakika 15. Dafu ni la kupumzikia njiani, nyinyi mmelifanya ndo safari yenyewe, na kijana anaona kuna kitu amenyimwa. Ana haki.

Sasa mpe kazi. Kila mtakapofika aulize, hapa kwa nini paitwa hivi? Mji huu umeficha habari zake kwenye majina ya stendi za matatu na watu wanayataja kutwa nzima bila kuyasikiliza. Kisiwa chenyewe wenyeji twakiita Mvita, na vita imo ndani ya jina, ukishaona ngome utaelewa. Kilindini ni kilindi, maji ya kina kirefu, ndo maana zile meli kubwa zinaingia na kupita karibu kabisa na hapo mnapokaa na madafu yenu. Forodhani ni penye forodha. Marikiti ni soko kwa Kiingereza tukalitia ulimi wetu. Mwembe Tayari wazee wanasimulia kulikuwa na mwembe, misafara ya kwenda bara ikikusanyika chini yake mpaka iambiwe tayari. Mkimaliza siku tatu huyo mtoto atakuwa na daftari limejaa.

Siku ya kwanza nendeni Ngomeni, yaani Fort Jesus, na mwende asubuhi mapema. Hili nalisema kwa sababu lilinipata, kuna mwaka nlimpeleka mgeni wangu wa kutoka bara saa saba mchana, jua la Januari, yale mawe yamepata moto kama jiko, nusu saa haijaisha mgeni ashakaa chini anataka maji na hakuona kitu, mpaka leo linanisikitisha. Wareno walianza kuijenga 1593, ikamalizika 1596, aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la binadamu. Machi 1696 Waomani wakaizingira na hawakuiteka mpaka Disemba 1698, hebu waambie watoto wahesabu hiyo miezi, watu wako ndani ya hizo kuta, chakula kinaisha, maradhi yanawamaliza. Wareno wakatuma meli za kuwaokoa, moja yao, Santo António de Tanna, ikazama hapo hapo mbele ya ngome 1697, ikakaa chini ya maji mpaka miaka ya 1970 wapiga mbizi walipoanza kuopoa vitu vyake, na vingine viko kwenye makumbusho hapo ndani mtaviona kwa macho yenu. Baadaye Waingereza wakaifanya jela kutoka 1895 hadi 1958. Tangu 2011 imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Watoto watakimbilia mifupa ya nyangumi na mizinga, waache. Lakini wewe ukishawaachia kidogo, tafuta ule ukuta uliochorwa. Ni michoro ya Wareno wenyewe, meli na matanga yake, samaki, majengo, imechorwa na mtu ambaye hata jina lake halijulikani, yuko zamu, yuko mbali na kwao, anaitazama hii bahari yetu kila siku na labda hajui kama atarudi, akaamua kuchora. Mimi kila nikienda nasimama hapo. Historia yote ya majemadari na masultani nnaisahau, nnamkumbuka yeye. Halafu pandeni Nyumba ya Waomani muone mji na bahari kutoka juu.

Pale getini watawajia watembezaji wa wageni. Wapo wazuri sana, wanajua mpaka visa vya kila mlango, ila mwambie akuonyeshe kitambulisho na muelewane bei kabla hamjapiga hatua hata moja.

Mkitoka msiite tuktuk. Ingieni Mji wa Kale kwa miguu, shikeni Ndia Kuu (ndia ni njia kwa Kimvita, kijana aandike na hiyo) na mwende polepole mkitazama juu. Roshani za mbao, milango ya kuchonga, baraza za mawe nje ya nyumba ambapo wazee wanakaa tangu alasiri mpaka magharibi. Mtapita msikiti wa Mandhry, mweupe, mnara wake umechongoka juu, unasemekana umejengwa 1570, kwa hivyo ngome kubwa mliyotoka kuiona ni mdogo wake. Teremkeni mpaka penye ngazi za Leven, zimepewa jina la manowari ya Kiingereza iliyofika hapa 1824, zinashuka mpaka majini na kuna kisima cha maji baridi ambacho mabaharia walikuwa wakichota. Muonyeshe mtoto hicho kisima umwambie, mji hauwezi kusimama kisiwani bila maji ya kunywa, kabla ya dafu kulikuwa na kisima.

Na jioni, kama kinywaji ndo mnataka, basi tafuteni muuza kahawa mwenye dele la shaba, yaani birika lake, makaa yako chini, vikombe anavigonganisha mkononi utamsikia kabla hujamuona. Kahawa tungu haina sukari, ina tangawizi, utamu wake unauleta wewe na kipande cha kashata au halwa. Kaeni barazani. Msiwe na haraka, maana pale ndo mtaambiwa habari ambazo mimi siwezi kuziandika hapa.

Siku ya pili asubuhi Marikiti, iliki, mdalasini, bizari ya pilau, achari za embe, mabuyu mekundu watoto wachafue midomo. Si mbali na hapo kuna Biashara Street na hapa nakuomba usipite mbio. Wageni wananunua leso kwa kuangalia rangi. Leso ina pindo, ina mji pale katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa chini, na jina ndo roho yake. Nyanyangu hakujua kusoma na hakuwahi kununua leso kabla hajasomewa jina, alikuwa ananichukua mimi nikiwa mdogo, muuzaji ananyoosha leso juu ya meza, nyanya ananiambia "nisomee", nnasoma, anatulia kidogo, kisha anatikisa kichwa, "hiyo mwenye nayo ashaisema kwangu, lete nyingine." Tungeweza kumaliza saa nzima duka moja. Leso ukiivaa umeongea, na ukimpa mtu umemwambia kitu, kwa hivyo ukimnunulia mama mkwe soma kwanza! Zinauzwa doti, mbili pamoja, na mafundi wako hapo hapo na vyerehani vyao wanakupindia ukisubiri.

Mchana vukeni daraja la Nyali. Kengeleni mteremke dakika tano tu mtazame ile kengele. Hapo ni Frere Town, mtaa ulioanzishwa miaka ya 1870 kuwa makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, baadhi yao walikuwa wamelelewa India kabla ya kurudishwa huku, na wenyeji wanasimulia kengele ilikuwa ikipigwa kuwaonya watu wafanyabiashara wa utumwa wakionekana. Makonda wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" toka asubuhi hadi usiku na abiria wanashuka bila kuinua macho. Mimi inaniuma.

Kisha Haller Park, Bamburi, hapo watoto ndo watafurahi zaidi. Palikuwa shimo la mawe ya saruji, jangwa, hata nyasi hakuna. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda mivinje, majani yake yakianguka hayaozi, akaleta majongoo wakawa wanayala na kuyageuza udongo, na msitu wote mtakaoutembea umesimama juu ya kazi ya hao majongoo. Ndo hapo aliletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi wakati wa tsunami ya Disemba 2004, akamganda kobe mkubwa wa Aldabra aliyeitwa Mzee, analala naye, anamfuata kila mahali. Kuna saa za kulisha twiga, ulizeni getini.

Siku ya tatu msijibane. Pandeni ferry ya Likoni na kurudi, wa miguu hawalipi, epukeni tu saa za watu kwenda na kutoka kazini na mshike watoto mikono. Mkirudi kisiwani piteni Mbaraki muone ule mnara wa mawe ya matumbawe na mibuyu yake. Halafu sasa, mmechoka, miguu inauma, nendeni Lighthouse mkanywe dafu. Nakuahidi halitakuwa lile la mwaka jana.

SWALI: Bi Mwenyeji, nakuja Mji wa Kale mwezi ujao na kamera yangu. Naruhusiwa kupiga picha watu na misikiti? Nivae vipi? (Mpiga picha, Voi)

JIBU: Nje ya msikiti piga, ndani mpaka uombe ruhusa, na mtu yeyote uliza kwanza, hasa kina mama, usimvizie mtu kutoka mbali kama ndege. Salamu ndo ufunguo, ukisema "asalam aleikum" au "hujambo mama" ukasimama kidogo mkaongea, wengine watakwambia wenyewe piga. Bandari ya Kale usitoe kamera bila kuuliza. Mavazi ya heshima tu, mabega na magoti yafunikwe, pale ni mitaani kwa watu na watoto wanaenda chuoni, yaani madrasa. Ijumaa kuanzia kama saa sita mchana maduka mengi yanafungwa kwa swala, panga mizunguko yako.

SWALI: Shikamoo Bi. Hili naliuliza kwa siri. Nimezaliwa Likoni, nina miaka 34, navuka ferry kila siku kwenda kazini mjini na Fort Jesus sijawahi kuingia hata siku moja. Shuleni walipoenda mamangu hakuwa na pesa ya tripu, nikabaki. Sasa nikiona watalii wanaingia nahisi ile si yangu, nitaonekana mshamba nikiwa na maswali ya mtoto. (Kijana wa Likoni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimekaa nayo.

Ile ngome mawe yake yamechimbwa hapa hapa pwani, na waliopigana wakafa ndani yake hawakuwa Wareno na Waarabu peke yao, watu wa pwani hii walikuwemo pande zote mbili. Mtalii ndo mgeni wake. Na maswali ya mtoto ndo maswali, hao watembezaji wamechoka kuulizwa choo kiko wapi, wewe muulize chakula walikuwa wanapitishia wapi miaka ile wamezingirwa, utaona atakavyochangamka, na mkielewana kwa Kiswahili mtafika mbali kuliko anavyofika na wageni.

Beba kitambulisho, Mkenya halipi sawa na mgeni kutoka nje. Na kama mamako ana nguvu za kutembea mchukue, nunua tiketi mbili, yeye pia nadhani hajaingia. Ngazi zipo, muende taratibu, kuna vivuli vya kupumzika. Mpeleke mpaka juu kwenye Nyumba ya Waomani mkae mtazame bahari.

Jumamosi saa mbili asubuhi ni wakati mzuri, jua halijakolea. Kutaneni na rafiki zako nje pale penye mizinga kama hutaki kuingia peke yako, na ukitoka niandikie, nataka kujua mamako alisema nini.