Barua kwa mwanangu: sarafu au vipande vya fedha?

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unauliza hiyo hela uliyoweka pembeni ukanunulie fedha, fedha ile madini, uchukue sarafu, vipande (yale mabamba ya fedha tupu) au yale maseti ya ukumbusho yenye maboksi mazuri. Mamako kaniambia nisikujibu kwa mkato.

Mi nadhani anza na siku ya kuuza. Manake kununua ni rahisi, kila muuzaji anakuchekea, ila siku una shida na hela ndo utajua ulishika nini. Mimi nilinunua seti ya ukumbusho, boksi la velveti, cheti juu, nikalipa karibu mara mbili ya thamani ya madini yenyewe, na nilipoirudisha sokoni jamaa akaitoa kwenye boksi akaiweka kwenye mizani, basi, nikalipwa uzito tu. Iliniuma sana na sitaki ikupate na wewe.

Kwa hiyo chukua kwanza sarafu za aunsi moja zinazojulikana kila mahali. Eagle ya Marekani imetoka tangu 1986, Maple Leaf ya Kanada tangu 1988, na Philharmonic ya Austria ya fedha ilianza 2008. Aunsi ya madini ni gramu 31.1, sio ile ya jikoni ya gramu 28, hapo wengi wanapunjwa. Utalipa nyongeza juu ya bei ya soko, na Eagle mara nyingi nyongeza yake ni kubwa kuliko za wenzake, lakini mnunuzi akiiona haulizi maswali mengi.

Vipande vina nyongeza ndogo, kadiri kinavyokuwa kikubwa ndo unalipa kidogo kwa kila gramu. Ila kipande cha kilo ni aunsi 32 na kidogo, ukihitaji hela ya aunsi tano utafanyaje, huwezi kukikata. Ukishakuwa na sarafu za kutosha ongeza vya aunsi 10, hivyo vinabebeka na vinauzika.

Kuna kitu napenda mimi, hela za zamani za Marekani. Daimu (senti 10), kota (senti 25) na nusu dola za 1964 kurudi nyuma zina fedha asilimia 90, kwa hiyo kota nne zilizochakaa zinakupa kama aunsi 0.715 ya fedha tupu. Ni ndogo ndogo, unauza kiasi unachotaka, na kughushi kota iliyochakaa hakumlipi mtu. Ila angalia mwaka kwa makini, nusu dola za 1965 mpaka 1970 ni asilimia 40 tu, na kota za kawaida za 1965 kuja huku hazina fedha kabisa.

Vito vya 925, yaani vya fedha asilimia 92.5, nunua uvae. Unamlipa sonara kazi yake, na kazi hiyo hakuna atakayekurudishia.

Kupima kama ni fedha kweli usitegemee sumaku peke yake. Fedha hainasi kweli, lakini na shaba hainasi, na risasi hainasi. Kuwa na mizani ndogo na kipimo cha upana, Eagle lazima iwe gramu 31.1 na milimita 40.6, ikiwa na uzito sawa ila imenenepa au imepanuka kuliko kawaida, achana nayo.

Zikianza kuwa nyeusi usizisugue jamani, ni salfa ya hewani tu, ukisugua unakwangua sarafu na wanunuzi wanaona. Usiziweke kwenye plastiki laini ya PVC, inaacha utando wa kijani, na usifunge na raba.

Na hela ya kodi ya nyumba usiiguse kwa hili. Januari 1980 aunsi ilifika karibu dola 50, Machi 27 mwaka huohuo ikawa chini ya 11.

Risiti weka mbali na zenyewe, mtu mmoja unayemwamini ajue zilipo. Ukinunua ya kwanza nitumie picha ya pande zote mbili, na uniambie imesoma gramu ngapi.

Baba