Betri kubwa nyuma ya skuli, tuikatae vipi?

*Assalaam aleikum Anti. Mimi mzazi huku Kisauni, kuna kampuni imekuja yataka kuweka kituo cha betri za kuhifadhi stima, makontena kama ishirini hivi, na kiwanja chenyewe kimepakana na skuli ya msingi wanayosoma wanangu, yaani ukuta ni mmoja. Chifu alituita baraza tukapewa soda tukatia sahihi, injinia wao akasema ni betri tu kama za simu, hakuna moshi hakuna kelele. Sasa kuna karatasi yazunguka ya kupinga, imeandikwa hizo betri zatoa miale ya saratani na eti itakuwa Owino Uhuru ya pili. Nitie sahihi ama nisitie? Na tushachelewa? – Mama Swafiya*

Waaleikum salaam Mama Swafiya. Karatasi hiyo usitie, lakini kupinga endelea.

Owino Uhuru, ule mtaa wa Mombasa uliokuwa na kiwanda cha betri, ndo pale akili ya kila mtu wa Mombasa inakokwenda akisikia betri, na hatulaumiki. Lakini kiwanda kile kilikuwa chayeyusha betri kuukuu za gari kutoa madini ya risasi, vumbi na moshi na maji machafu yakawa yaingia majumbani kila siku, mpaka kinafungwa 2014 watoto washakutwa na risasi kwenye damu. Mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake wakapigana, 2020 mahakama ya mazingira ikasema wakaazi walipwe Sh bilioni 1.3, rufaa ikaja ikautia mchanga uamuzi huo, halafu Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Betri za lithiamu, hizi za aina ya simu, hazina hiyo risasi na hazitoi miale ya saratani. Mkipeleka karatasi yenye maneno hayo wataalamu wa kampuni watajibu hilo moja tu, wacheke, na hoja yenu ya kweli ipotee hapo hapo.

Hoja ya kweli ni siku itakayowaka. Injinia kasema ni kama za simu, haya, nani hajaona betri ya simu ikivimba mpaka ikainua kava? Basi seli moja, yaani kibetri kimoja kati ya vingi vilivyo ndani, ikipata joto kupita kiasi yachoma ya jirani, nayo yachoma ya jirani yake, na inatoa gesi zinazoshika moto na nyengine ni sumu ya kifua na macho. Maji yapunguza joto tu, waweza kudhani umezima kumbe baada ya masaa, hata siku, lawaka tena. Kule Arizona, Marekani, Aprili 2019 wazima moto walikaa nje ya jengo la betri kwa masaa, wakaona moshi umepungua, wakafungua mlango, gesi iliyokuwa imejaa ndani ikalipuka, wanne wakaumia vibaya. Na Januari 2025 Moss Landing, California, kituo kikubwa kiliwaka, watu kama 1,200 wakaambiwa wahame majumba yao na barabara kuu ikafungwa. Kweli, Moss Landing betri zilikuwa zimepangwa ndani ya jumba moja la zamani, siku hizi wanaweka makontena nje yameachana nafasi, na kuna aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti ambayo si rahisi kuwaka kama zile. Nalisema kwa sababu wao watalisema, na ni kweli. Lakini moto ni nadra sio hauwezekani, na watoto mia kadhaa ukuta wa pili hawatoki kwa dakika tano.

Sasa kitu ambacho sijui kama kuna mtu kauliza kwenye hilo baraza: upepo. Kusi yavuma huku na kaskazi yavuma huku, sisi twajua hata wa kuanika nguo anajua, kwa hivo moshi wa Julai na moshi wa Januari haziendi nyumba moja. Hesabu yao ya moshi utakwenda wapi ilipigwa na upepo wa msimu gani? Ikiwa wamechukua mmoja tu, hiyo ripoti ina tundu la kupita lori.

Waulizeni kwa maandishi: betri aina gani, makontena yaachana mita ngapi, kontena moja likiwaka jaribio laonyesha la pili litashika ama halitashika na karatasi ya hilo jaribio iko wapi, zimamoto wa kaunti wamefundishwa moto huu ama watakuja na bauza moja, maji yatoka wapi (Kisauni hii ya kununua kwa mitungi jamani), na maji yaliyozimia moto yatatiririka kwenda visima vya nani. Halafu kubwa kuliko zote, viwanja vyengine gani viliangaliwa na kwa nini viliachwa, maana ripoti ya athari za mazingira yatakiwa ieleze hilo.

Kuchelewa? Ile sahihi ya baraza ni ya kuhudhuria, ila itabandikwa nyuma ya ripoti kama vile mlikubali, kwa hivo siku nyengine ukitia sahihi andika kando yake "napinga eneo hili". Kanuni za 2003 za kupima athari za mazingira zasema mikutano isipungue mitatu, nyie mumefanya mmoja. Ripoti ikifika NEMA, mamlaka ya mazingira, hutangazwa gazetini na kwa kawaida mwapewa siku 30 za kutoa maoni, andikeni barua mpeleke ofisini wenyewe na nakala yenu ipigwe muhuri, msitume mtu. Leseni ikitoka na hamkuridhika kuna Tume... la, Tribunali ya Mazingira, ndo yasikiza malalamiko kama hayo, muwe mumefika ndani ya siku 60. Bodi ya skuli nayo iandike barua yake, ina uzito kuliko ya wazazi.

*Anti mnapinga kila kitu halafu stima ikipotea mwalia. Betri ndo zitatusaidia, na vijana watapata kazi. – Fundi wa stima, Likoni*

Stima ni kweli ndugu yangu. Usiku wa manane mvuke wa ardhini wa Olkaria unaotoa stima hukosa wa kuutumia, na jioni watu wote wawasha taa na pasi pamoja, betri ndo za kuchukua kule zilete huku, mimi sizipingi. Kazi ndo ungeacha kuitaja, wakati wa kujenga zitakuwepo, baadae hapo kutabaki walinzi na fundi mmoja wa kuja na gari. Na kontena halijali limewekwa wapi mradi waya wafika, wasukume kiwanja mbali na madarasa, tutakuja kuwapigia makofi.